Milkisheki ya mnanaa ya sikukuu: shughulikia maziwa kwanza, blenda baadaye

Milkisheki ya mnanaa ina vitu vichache sana ndani yake: aiskrimu, maziwa, mnanaa, na pipi za mistari myekundu na myeupe. Uchache huo ndio unaowafanya wengi waamini kwamba kazi yote ni kutia kila kitu kwenye blenda kwa pamoja na kubonyeza kitufe. Matokeo yake, glasi moja inatoka na ladha ya dawa ya meno, nyingine mnanaa hausikiki kabisa, na zote zimekuwa maji kabla wageni hawajamaliza kusalimiana.

Blenda haina lawama hapo. Kinywaji hiki hufanikiwa au huharibika kabla haijawashwa. Mnanaa uwe umeshakolea kwenye maziwa, maziwa yawe baridi, glasi ziwe zimepambwa na kupoa, krimu iwe imepigwa. Ukishafika hapo, kusaga kwenyewe ni nusu dakika tu. Nimepanga mwongozo huu kwa mtiririko huo, na nakusihi usiuruke, kwa sababu kila hatua inaitegemea iliyotangulia.

Na kwa nini kinywaji baridi wakati wa baridi? Kwenye nchi za theluji, sikukuu za Desemba watu wanazitumia ndani ya nyumba zilizopashwa moto, wameshiba nyama za kuoka na keki nzito, na kinywa kinataka kitu cha kukifungua. Kusini mwa ikweta, Desemba ni majira ya joto na swali lenyewe halipo. Kote kote, pipi ya mnanaa yenye umbo la bakora, ile inayotundikwa kwenye mti wa Krismasi, imeshaufanya mnanaa kuwa ladha ya msimu.

Mnanaa unavyofanya kazi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye siri ya kinywaji chote.

Pepaminti, yaani mnanaa mkali unaotumika kwenye pipi hizo, ni mmea chotara uliotokana na mnanaa wa majini na spiaminti, ule mnanaa mpole unaooteshwa kwenye bustani nyingi. Kinywani tofauti yao ni kubwa. Pepaminti ina mentholi nyingi, ile kemikali inayoleta ubaridi wa mnanaa. Spiaminti ina mentholi kidogo mno, na harufu yake hutokana hasa na kemikali nyingine iitwayo kavoni. Ndiyo maana spiaminti hunukia vizuri lakini haileti ule ubaridi unaopanda hadi puani. Kwa milkisheki ya sikukuu chagua pepaminti. Ukiwa na spiaminti pekee hujaharibikiwa, ila tegemea kinywaji cha upole, kinachokaribia ladha ya majani kuliko ladha ya pipi.

Ubaridi wa mentholi hautokani na joto kushuka. Kinywani na kwenye ngozi mna vipokezi vya neva viitwavyo TRPM8, ambavyo kwa kawaida huamshwa na baridi. Mentholi nayo huviamsha, na ubongo hupokea habari ya baridi hata pale kinywaji kinapokuwa vuguvugu. David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa utafiti wake, walitumia mentholi kukitambua kipokezi hicho, na mwaka 2021 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yao kuhusu vipokezi vya joto na mguso.

Sasa tuyalete hayo jikoni. Kwenye milkisheki baridi mbili zinakutana, ya aiskrimu na ya mentholi, nazo huongezeana nguvu. Wakati huohuo, baridi ya kweli hupunguza utamu na harufu: vanila inafifia, sukari inafifia, krimu inafifia, lakini mentholi inasimama palepale na hata kuonekana kali zaidi. Hapo ndipo ladha ya dawa ya meno inapozaliwa. Kwa hiyo kipimo cha mnanaa kiwe kidogo kuliko unavyodhani, na vanila na utamu viwe vya kutosha kuubeba.

Jambo la pili: mentholi haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta na kwenye kileo. Maziwa yenye mafuta yake yote huushika mnanaa na kuuachia polepole ulimini. Maziwa yaliyotolewa mafuta hayana pa kuushikia, hivyo unapigwa na ukali mara moja kisha ladha inapotea. Ndiyo sababu sishauri kutumia maziwa mepesi hapa. Anayetaka kupunguza mafuta mwilini na anywe glasi ndogo ya kinywaji kizuri.

Mahitaji ya glasi mbili kubwa

- Aiskrimu ya vanila nusu lita, kiasi cha michoto sita au saba
- Maziwa yenye mafuta yote, mililita 150, yaliyopoa sana kwenye friji
- Arki ya mnanaa (pepaminti), robo kijiko cha chai, usiimimine yote kwa mkupuo
- Arki ya vanila, nusu kijiko cha chai
- Chumvi, ya kubana kwa vidole viwili
- Pipi za mnanaa zenye mistari, gramu 60 hivi
- Krimu nzito ya kupiga, mililita 120, na kijiko kimoja kikubwa cha sukari ya unga
- Chokoleti nyeupe, gramu 40, kwa ajili ya ukingo wa glasi

Chumvi usiidharau. Haitasikika kama chumvi. Kazi yake ni kuuinua utamu uliozimwa na baridi.

Kuhusu aiskrimu, soma lebo na upime kopo kwa mkono. Aiskrimu zote huchanganywa na hewa wakati wa kutengenezwa, ila nyingine zina hewa nyingi kiasi kwamba kopo la nusu lita ni jepesi mkononi. Hiyo ukiisaga, hewa inatoka na unabaki na kinywaji chembamba kilichopungua ujazo. Chukua kopo zito. Na iwe vanila. Ukitumia aiskrimu ambayo tayari ina mnanaa umeshanyang'anywa uamuzi wa kipimo, na mara nyingi utajikuta na vipande vikubwa vya chokoleti ambavyo kwenye baridi kali vinakuwa kama nta. Siagi ya kakao hulainika karibu na joto la mwili, na kinywa kilichopozwa na aiskrimu hakina joto la kuiyeyusha.

Hatua ya 1: Tia mnanaa kwenye maziwa

Una njia tatu. Zote ni nzuri, ila hazilingani nguvu.

Arki ni mafuta ya mnanaa yaliyoyeyushwa, mara nyingi kwenye kileo. Ndiyo njia rahisi kuliko zote na ladha yake ndiyo iliyo karibu zaidi na pipi. Mimina maziwa baridi kwenye jagi, tia vanila na chumvi, kisha tia nusu tu ya kile kipimo cha robo kijiko. Koroga, subiri dakika moja, onja. Yaonje yakiwa baridi, kwa sababu maziwa vuguvugu yatakudanganya. Kwenye jagi mnanaa unatakiwa usikike mkali kidogo kuliko unavyotaka kuunywa, kwa kuwa bado haujakutana na nusu lita ya aiskrimu. Kama haujafika, ongeza tone kwa tone. Mnanaa ukizidi hakuna dawa, ila kuongeza maziwa na aiskrimu mpaka uwe na kinywaji cha watu sita.

Mafuta halisi ya mnanaa ni kitu kingine kabisa. Yana nguvu mara kadhaa kuliko arki, na kwa glasi mbili tone moja linatosha. Usilidondoshe moja kwa moja kwenye maziwa. Lichanganye kwanza na kijiko kikubwa cha krimu, likoroge, kisha uitie krimu hiyo kidogo kidogo huku ukionja. Hakikisha chupa imeandikwa kuwa mafuta yake ni ya chakula. Yale yanayouzwa kwa kufukiza nyumba au kukandia mwili hayaruhusiwi kuingia kwenye kinywaji, hata yakinukia vilevile.

Njia ya tatu ni majani mabichi, nayo nasikitika inavyopuuzwa, kwa kuwa inatoa ladha iliyokamilika ambayo chupa haiwezi kuitoa. Inahitaji muda, basi ianze asubuhi au usiku wa kuamkia siku yenyewe. Chukua mililita 200 za maziwa, zaidi kidogo ya zile 150, maana majani yatanywa kiasi. Pasha moto mpaka mvuke uanze kupanda na vipovu vidogo vitokee pembeni, bila kuchemka. Ondoa jikoni. Tia majani ya mnanaa ya kujaza viganja viwili, yaliyooshwa na kukaushwa, uliyoyaponda kidogo kwa vidole ili yatoe mafuta. Funika, kwa sababu ile harufu nzuri inayojaa jikoni ni ladha inayokukimbia. Acha dakika 15 hadi 20. Ukiacha saa nzima, uchungu wa majani unaingia, na maziwa yanaanza kunuka kama nyasi zilizokatwa. Chuja, kamua majani kwa upole, weka maziwa kwenye friji mpaka yapoe kabisa.

Usisage majani mabichi moja kwa moja kwenye blenda. Inavutia, rangi ya kijani inapendeza kwa dakika chache, lakini unakunywa vipande vya majani vinavyonata kwenye meno, na ladha ya mnanaa inafunikwa na ladha ya mboga.

Kama wewe au wageni wako hamtumii kileo hata cha kiasi hicho, majani ndiyo njia iliyo safi zaidi. Vinginevyo tafuta arki iliyotengenezwa bila kileo, lebo husema.

Hatua ya 2: Ponda pipi

Tia pipi kwenye mfuko mzito wa plastiki, toa hewa, uufunge, uuzungushie taulo la jikoni, kisha gongagonga kwa mti wa kusukumia unga au kwa kitako cha sufuria nzito. Usipige kwa hasira, pipi hizi ni za sukari iliyokaukiana na zikivunjika huwa na ncha kali zinazotoboa mfuko.

Mimina kwenye chujio na utikise. Unga mwembamba utapita, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele vitabaki. Vitenganishe, maana kazi zao ni tofauti. Unga, kijiko kimoja kikubwa au viwili, unakwenda kwenye jagi la maziwa: unayeyuka, unaongeza utamu na mnanaa kidogo, na rangi nyekundu ya mistari inageuza maziwa kuwa waridi hafifu. Hakuna haja ya rangi ya chupa. Baada ya kuutia, onja tena, kwa kuwa sasa maziwa yamepata mnanaa wa pili. Vipande vinabaki kwa ajili ya ukingo na juu ya krimu, ambako vitatafunwa. Hivyo usivisage na kinywaji: vinayeyuka nusu, na nusu iliyobaki inaziba mrija.

Pipi iliyopondwa hunyonya unyevu wa hewani upesi. Iponde siku hiyohiyo na uiweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Ukiiacha kwenye bakuli wazi, baada ya saa chache unakuta donge moja linalonata.

Hatua ya 3: Glasi

Hapa mpangilio ndio kila kitu. Pamba ukingo kwanza, poza glasi baadaye. Glasi iliyotoka kwenye friza inatoa jasho mara moja, na chokoleti haishiki juu ya maji.

Yeyusha chokoleti nyeupe kwenye bakuli kavu lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka. Iko tayari kabla hujadhani, basi iondoe ikiwa bado na vipande vichache na umalizie kwa kukoroga. Tone moja la maji likiingia, inakauka na kuwa chengachenga, na hairudi. Chovya ukingo wa glasi kavu, acha iliyozidi itiririke, kisha uzungushe kwenye vipande vya pipi. Weka kwenye friza dakika 15. Zaidi ya hapo hakuna faida, na glasi nyembamba sana zinaweza kupasuka. Tumia zenye ukuta mnene.

Watu wengine hutumia asali au shira kushikiza pipi. Inashika, lakini shira ina maji, na maji yanaiyeyusha pipi taratibu mpaka rangi nyekundu inachuruzika hadi chini ya glasi. Kwa chokoleti ukingo unabaki msafi mpaka kinywaji kiishe.

Hatua ya 4: Krimu

Bakuli, mchapo na krimu yenyewe, vyote viwe baridi. Krimu hushika hewa kwa sababu chembe za mafuta yake zimeganda kiasi na kushikamana kuzunguka vipovu. Ikipata joto mafuta yanalainika na unapiga bila mwisho. Chagua yenye mafuta ya asilimia 30 au zaidi, 35 ni bora. Piga mpaka mchapo uanze kuacha alama, nyunyiza sukari ya unga, endelea mpaka ncha isimame ikainama kidogo. Simama hapo. Ukiendelea unaelekea kwenye siagi.

Usitie mnanaa kwenye krimu. Najua kishawishi kipo. Lakini mnywaji anahitaji mahali pa kupumzikia, na krimu nyeupe yenye utamu mdogo ndiyo inayoufanya mnanaa wa chini usikike upya kila anaporudi kuunywa.

Hatua ya 5: Kusaga

Toa aiskrimu kwenye friza. Friza ya nyumbani hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na aiskrimu ya joto hilo ni ngumu kama jiwe: blenda itahangaika, utalazimika kuongeza maziwa ili izunguke, na kinywaji chembamba kitakuwa kimeshaamuliwa. Iache juu ya meza dakika tano hadi nane, mpaka kijiko kiingie kwa kusukuma kidogo. Isiwe imeyeyuka pembeni.

Mimina maziwa yenye mnanaa kwenye blenda kwanza, aiskrimu juu yake. Maziwa yakiwa chini, visu vinapata pa kuanzia. Bonyeza kwa vipindi vifupi, sekunde tatu au nne, uache, ubonyeze tena. Katikati zima mashine kabisa, fungua, shusha kwa kijiko kilichokwama pembeni. Jumla isizidi sekunde 30. Kila sekunde visu vinapozunguka vinaleta joto, na joto ndilo linaloua milkisheki.

Barafu usiitie kamwe. Inaleta baridi, kweli, lakini ni maji, na ikiyeyuka inakifanya kinywaji kuwa chembamba. Ukitaka baridi zaidi, gandisha maziwa kwenye trei ya barafu siku moja kabla na utumie vipande viwili vitatu vya hayo, ukipunguza maziwa ya jagi kwa kiasi hichohicho.

Utajuaje imefika? Pitisha kijiko juu: kinapaswa kuacha mfereji unaojifunga polepole. Mimina: inashuka nzito, haitiririki. Ikiwa nzito mno mpaka haimiminiki, ongeza maziwa kijiko kimoja kwa wakati. Ikiwa nyepesi, ongeza mchoto mmoja wa aiskrimu na ubonyeze mara mbili tu, au weka jagi zima kwenye friza dakika 15 kisha ukoroge kwa mkono.

Hatua ya 6: Kumimina na kupamba

Toa glasi, jaza mpaka vidole viwili chini ya ukingo, weka krimu, nyunyiza pipi. Kama unapenda chokoleti, ipare nyembamba sana kwa kisu au kwenye kikwaruzo ili iyeyuke kabla haijamezwa. Jani moja la mnanaa juu linatosha. Lipige mara moja kati ya viganja, harufu yake itapokewa na pua kabla ya mdomo kugusa glasi. Toa mrija mpana na kijiko kirefu, vyote viwili, na upeleke mezani papo hapo. Waambie watu wanywe taratibu, maana mkupuo wa baridi hii huleta lile pigo la maumivu ya ghafla kwenye paji la uso. Likimpata mtu, abane ulimi kwenye kaakaa na asubiri.

Kama huna blenda

Aiskrimu ilainike zaidi kidogo, itie kwenye bakuli baridi, iponde kwa mwiko, kisha umimine maziwa yenye mnanaa kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mchapo. Haitakuwa laini kama ya mashine, itakuwa na vidonge vya aiskrimu hapa na pale, na kwa kweli wapo wanaoipenda zaidi hivyo. Njia nyingine ni chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko kizuri: tia vyote, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja au mbili. Watoto wanaweza kupewa kazi hii.

Ya chokoleti, na isiyo na maziwa

Kwa ya chokoleti, tengeneza shira mwenyewe: vijiko viwili vikubwa vya kakao, viwili vya sukari, vinne vya maji, chemsha dakika mbili ukikoroga, poza kabisa. Tia vijiko viwili kwenye maziwa na upunguze maziwa kwa kiasi hicho. Uchungu wa kakao unaumeza mnanaa, kwa hiyo hapa robo kijiko ya arki inaweza kuingia yote.

Kwa asiyetumia maziwa ya wanyama, angalia mafuta kwanza. Aiskrimu iliyotengenezwa kwa tui la nazi pamoja na maziwa ya shayiri yaliyo mazito huubeba mnanaa vizuri. Mafuta ya nazi huganda kwenye joto la karibu nyuzi 24, hivyo kinywaji kikikaa kwenye baridi kinaweza kuwa na chembechembe. Kisage na ukinywe hapohapo. Chokoleti nyeupe ya ukingo kwa kawaida ina maziwa, basi tumia chokoleti nyeusi isiyo nayo, na usome lebo ya kila kitu ikiwa mgeni ana mzio.

Wanaohitaji uangalifu

Vipande vya pipi ngumu si vya watoto wadogo, vinaweza kuwakaba. Wape milkisheki yenye unga wa pipi tu, bila vipande juu. Mafuta halisi ya mnanaa yafungiwe mbali na watoto, na yasisogezwe kwenye uso wa mtoto mchanga, kwa sababu mentholi inaweza kumletea shida ya kupumua. Mtu mwenye kiungulia cha mara kwa mara naye aambiwe kilichomo: pepaminti hulegeza msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo, na kinywaji cha mafuta usiku kinaongeza uzito juu yake.

Ukiwa na watu wengi

Usijaribu kujaza blenda mpaka juu. Saga glasi mbili mbili. Kinachookoa muda ni kuandaa siku moja kabla: chota aiskrimu yote kwa michoto, ipange kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, uirudishe kwenye friza, maziwa yenye mnanaa yakae kwenye friji ndani ya chupa. Siku yenyewe unaponda pipi, unahesabu michoto, unamimina, unasaga. Toa trei ya aiskrimu kwa awamu, si yote kwa pamoja, maana aiskrimu iliyoyeyuka kisha ikagandishwa tena hujaa chembe za barafu, na ikiwa imekaa mezani muda mrefu si salama kuirudisha.

Kinywaji kilichobaki kwenye blenda, ambacho hakijaguswa na mdomo wa mtu, kimimine kwenye vikopo vidogo, chomeka vijiti na ukigandishe. Kesho yake una aiskrimu za vijiti zenye mnanaa.

Kisha osha blenda mara moja, na ufungue ile raba ya chini ya visu. Mafuta ya mnanaa hung'ang'ania plastiki na raba, na maji matupu hayayaondoi. Tumia maji ya moto na sabuni. Harufu ikibaki, paka magadi ya kuokea yaliyolowanishwa, acha nusu saa, suuza, kisha uache raba ikauke nje ya chombo. La sivyo juisi ya embe ya wiki ijayo itanukia Krismasi.